Mistari kwenye mwimo wa mlango: uchambuzi wa kisa cha pumu kali ya mtoto

Barua ya rufaa ilikuwa ya ukurasa mmoja, na swali lake lilikuwa kwenye mstari wa mwisho: mtoto huyu aanzishiwe dawa ipi ya kibayolojia, yaani ipi kati ya sindano za pumu kali zinazozuia vichochezi maalumu vya uvimbe?

Ni msichana wa miaka 10, mwenye pumu tangu akiwa na miaka 3. Katika miezi 12 iliyotangulia alikuwa amepewa vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, mara 5 na kulazwa mara 3. Mara ya tatu alikaa siku 2 katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa ameandikiwa inhela ya kuzuia yenye flutikasoni, steroidi ya kuvuta inayopunguza uvimbe, na salmeteroli, inayolegeza njia za hewa kwa muda mrefu, jumla ya mikrogramu 500 za flutikasoni kwa siku, ambayo kwa umri wake ni dozi ya juu, pamoja na kidonge cha montelukasti kila jioni. Inhela za salbutamoli, zile za kutuliza, alikuwa amechukua 14 katika mwaka huo.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima raha. Mwaka 2014 Uingereza ilichapisha mapitio ya kitaifa ya vifo vya pumu. Wachunguzi walipitia vifo 195, wakaona kwamba asilimia 46 huenda vingeepukika. Miongoni mwa marehemu waliokuwa wakitumia dawa ya kutuliza na ambao idadi ya inhela zao ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Salbutamoli hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wenyewe haiugusi. Mtoto anayemaliza inhela 14 kwa mwaka ni mtoto anayeishi kwa nafuu ya saa nne nne, huku ugonjwa ukiendelea na kazi yake.

Mimi ni muuguzi wa pumu katika timu iliyopokea barua hiyo. Mtoto ninayemweleza nimemuunganisha kutokana na watoto kadhaa, ili asiwepo anayeweza kutambuliwa. Yaliyompata ni mambo tunayokutana nayo mara kwa mara.

Kwa nini hatukulijibu swali

Jina la pumu kali lina masharti yake, na si kila pumu inayomlaza mtoto inayatimiza. Ufafanuzi uliotolewa mwaka 2014 na vyama vya wataalamu wa mapafu vya Ulaya na Marekani unataka kwanza pumu yenyewe iwe imethibitishwa, na yale yanayoizidisha yawe yameshughulikiwa. Hapo ndipo tunauliza kama mtoto anahitaji dozi ya juu ya steroidi ya kuvuta pamoja na dawa ya pili ili asizidiwe, au kama anazidiwa hata akizitumia. Asiyefika hapo tunasema ana pumu ngumu kudhibiti. Mmoja anahitaji dawa mpya; mwingine anahitaji dawa ile ile aliyoandikiwa imfikie.

Mwaka 2009 timu ya hospitali ya Royal Brompton, London, ilieleza habari za watoto 71 waliopelekwa kwao kwa pumu iliyoshindikana. Wauguzi waliwatembelea nyumbani na kuwasiliana na shule zao. Kwa watoto 56, yaani asilimia 79, walikuta jambo linaloweza kurekebishwa: dawa isiyotumika ipasavyo, moshi wa sigara, vitu vyenye kuleta mzio, au misukosuko ya nafsi na familia. Kwa watoto 39 hapakuwa tena na haja ya kupandisha matibabu. Hiyo ni hospitali yenye mabingwa na mashine zote, na bado zaidi ya nusu ya majibu yalipatikana mlangoni kwa mgonjwa.

Kwa hiyo barua kama hii kwetu haiendi kwa daktari peke yake. Inakwenda kwenye kikao cha kila wiki, ambako hukaa daktari bingwa wa mapafu ya watoto, wauguzi wawili wa pumu, mfamasia, mtaalamu wa fiziotherapia, mwanasaikolojia na afisa ustawi wa jamii. Daktari aliyetuandikia hakukosea. Alipanda ngazi ya matibabu hatua kwa hatua kama miongozo inavyoagiza, akafika juu, akaomba msaada. Alichokosa ni watu wa kutazama pale ambapo yeye, akiwa nyuma ya meza, hawezi kuona.

Je, ni pumu kweli?

Hili lilikwisha haraka. Hewa aliyoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza ilikuwa asilimia 68 ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtoto wa kimo chake. Baada ya salbutamoli ikafika 83. Picha ya kifua ilikuwa safi na kipimo cha jasho kiliondoa shaka ya sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu. Alikuwa na mzio wa utitiri wa vumbi na wa kuvu. Eosinofili, seli nyeupe za damu zinazoongezeka kwenye uvimbe wa mzio, zilikuwa 600 kwa kila mikrolita ya damu. Oksidi ya nitriki katika pumzi yake, gesi inayoongezeka njia za hewa zikivimba, ilisoma sehemu 62 kwa bilioni, na kwa mtoto chochote kinachozidi 35 ni cha juu. Dodoso la udhibiti wa pumu kwa watoto lilimpa alama 11 kati ya 27, wakati 19 kushuka chini tayari ni dalili kwamba pumu haijatulia.

Pumu ilikuwepo, tena ya mzio, yenye uvimbe mwingi. Lakini hiyo 62 ina tafsiri mbili zinazopingana. Yaweza kuwa mapafu yanapata steroidi na hayaitikii. Yaweza pia kuwa steroidi haijawahi kufika. Kipimo hakisemi ni ipi, na hapa ndipo watoto wengi huanzishiwa sindano bila swali hilo kujibiwa.

Mfamasia alimpa inhela ya mazoezi na spesa yake mwenyewe, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, akamwambia, "Nionyeshe unavyofanya kila siku." Mtoto akatikisa, akabonyeza mara mbili kwa kufuatanisha, akavuta pumzi moja fupi, akaitoa mdomoni. Mama yake akasema walishafundishwa mara nyingi. Ni kweli, walifundishwa. Hakuna aliyewahi kumwomba mtoto aonyeshe. Spesa nayo ilikuwa imeoshwa na kufutwa kwa kitambaa hadi ikang'aa, na kule kuifuta kunaipa plastiki chaji ya umeme inayonasa dawa ukutani kabla haijafika mdomoni. Tulirekebisha: maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe, bonyezo moja, pumzi 5 za utulivu, ndipo bonyezo la pili.

Kwa mtoto mwingine kisa kingeishia hapo.

Wiki moja ndiyo, wiki moja hapana

Tulifunga kwenye inhela ya kuzuia kifaa kidogo kinachoandika tarehe na saa kila inapobonyezwa. Mtoto na mama yake waliambiwa kinafanya nini. Siwezi kukubali kumfungia mtu kifaa cha namna hiyo kwa siri. Imani ya familia ikivunjika, haiungiki kwa maelezo.

Baada ya wiki 8 tulisoma: alikuwa amevuta asilimia 47 ya dozi. Namba hiyo pekee ingetufanya tuandike "hatumii dawa" na kumhubiria. Lakini tulipoitandaza kwa siku, ilionekana wiki moja karibu imejaa na wiki inayofuata karibu tupu, kisha imejaa, kisha tupu, bila kukosea. Nilimpigia mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wiki hizo anakuwa kwa baba yake."

Faili lake lilikuwa nene. Lilikuwa na anwani moja.

Nilikwenda kwa baba. Alinipokea kwa heshima lakini kwa tahadhari, kama mtu anayetarajia kulaumiwa. Nilipomuuliza nani anasimamia dawa alijibu kwamba binti amekuwa mkubwa, anavuta mwenyewe, naye humkumbusha. "Nikimuuliza ananiambia ameshavuta." Hakuwa anadanganya wala hakuwa mzembe. Watoto wengi wa miaka 10 hukabidhiwa dawa kabla ya wakati, kwa kuwa tu wanajua kuitumia, na kujua si sawa na kukumbuka asubuhi na jioni mwaka mzima. Ukutani, upande wa kichwa cha kitanda cha mtoto, unyevu ulikuwa umeotesha kuvu jeusi lenye upana wa mikono miwili. Kwa mtoto mwenye mzio wa kuvu hilo halikuwa dogo, na nililiandika juu kabisa ya ripoti yangu.

Chini kabisa niliandika jambo lingine, karibu nisiliandike. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba chake kulikuwa na mistari ya penseli ya kupimia kimo, yenye tarehe kwa mwandiko wa mtoto. Mingi mno. Mingine imepishana wiki mbili tu. Nilipomuuliza alisema, "Najipima," akaangalia pembeni.

Kikaoni nilisoma ripoti kuanzia ukuta hadi mlango, na mwanasaikolojia akanikatisha: "Rudia hiyo ya mlango." Kwangu ilikuwa picha ya kawaida ya nyumba yenye mtoto. Kwa mtu aliyezoea kusikiliza hofu za watoto, anayejipima kila baada ya wiki mbili ana kitu anachokisubiri.

Alikutana na mtoto mara mbili, peke yao. Mara ya pili ikatoka. Alikuwa mfupi kuliko wenzake wote darasani. Mtu mzima mmoja alikuwa amesema mbele yake kwamba inhela za steroidi zinadumaza watoto. Kwa mama hakuwa na namna, kwa kuwa mama alisimama mbele yake hadi avute. Kwa baba aliachiwa, akaacha. Kisha akajipima aone kama inasaidia.

Narudia hili kila ninapofundisha wauguzi wapya. Mtoto huyo hakuwa msahaulifu wala mkaidi. Alikuwa na swali la haki kuhusu mwili wake, hakuwa na wa kumuuliza, akajitafutia jibu kwa penseli.

Jibu alilopewa

Daktari wetu alikaa naye akamweleza ukweli mzima. Kuna utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto waliotumia budesonidi, steroidi nyingine ya kuvuta, mikrogramu 400 kwa siku, hadi wakawa watu wazima. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko waliopewa dawa bandia, na upungufu huo ulitokea zaidi katika miaka ya mwanzo ya matibabu, haukuendelea kuongezeka. Akamwonyesha kwa vidole sentimita 1.2 ni kiasi gani. Akamweleza pia kwamba vidonge vya prednisoloni, alivyovimeza mara 5, huzunguka mwili mzima, na kwamba pumu isiyotulia nayo yenyewe huchelewesha ukuaji.

Mtoto akauliza, "Hiyo moja nukta mbili inarudi baadaye?"

"Hapana," daktari akasema. "Hairudi."

Nilikuwepo chumbani, na naamini hiyo "hapana" ndiyo iliyomgeuza. Angeambiwa kwamba dawa haina madhara yoyote, tungekuwa watu wazima wengine tu wanaomficha jambo.

Hata hivyo hatukukubaliana kuhusu hatua iliyofuata. Daktari alitaka tuanze dawa ya kibayolojia papo hapo, huku tukirekebisha mengine: mtoto aliyewahi kufika chumba cha mahututi yumo hatarini, na miezi 3 ya kungoja ni mirefu. Mfamasia na mimi tulitaka kwanza wiki 12 za dawa inayovutwa mbele ya mtu mzima. Mjadala ulikuwa mkali na sidhani upande wowote ulikuwa na makosa. Tulikutana katikati: wiki 12, lakini kwa ulinzi. Dozi ya asubuhi ilivutwa shuleni mbele ya mwalimu, ya jioni mbele ya mzazi aliye naye. Mpango wa maandishi wa shambulio, nakala tatu zilizo sawa neno kwa neno, ulikaa nyumba zote mbili na shuleni, ukisema ni lini atumie salbutamoli, bonyezo ngapi, na ni wakati gani asisubiri tena, aende hospitali. Mimi nilipiga simu kila wiki. Shambulio moja tu la kulazwa, na sindano ingeanza bila kikao.

Wazazi wote wawili walikaa meza moja kwa mara ya kwanza kuhusu pumu hii. Baba alitengeneza bomba lililokuwa likivuja ndani ya ukuta, akausafisha, akahamisha kitanda. Montelukasti tuliisimamisha, kwani haikuonekana kumsaidia na mama alikuwa ametaja jinamizi za usiku. Tangu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo zito kuhusu madhara ya akili na tabia.

Wiki 12 baadaye

Kifaa kilisoma asilimia 88. Oksidi ya nitriki ilishuka kutoka 62 hadi 24. Nguvu ya kupuliza ilipanda hadi asilimia 92. Mapafu yalikuwa yakiitikia steroidi wakati wote, haikuwa ikiyafikia.

Hapa kuna hatari ambayo nadhani haizungumzwi vya kutosha. Mtoto aliyeandikiwa mikrogramu 500 na kuvuta nusu yake, tena kwa njia mbovu, hakuwahi kuzipata hizo 500. Siku anapoanza kuvuta sawasawa, ndiyo siku ya kwanza anaingia kweli kwenye dozi ya juu, na dozi ya juu ikidumu yaweza kudhoofisha tezi za adrenali. Tulipima kotisoli ya asubuhi, homoni inayotengenezwa na tezi hizo, ikawa sawa, na dozi ikapunguzwa hadi 200. Timu inayofurahia kwamba mtoto sasa anatumia dawa, ikasahau kuishusha, inambadilishia tatizo.

Lakini alama za dodoso zilikwama kwenye 17. Mtoto alisema bado anabanwa akikimbia. Hapo ilikuwa rahisi kurudi kwenye pumu na kuongeza kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia akamkimbiza kwenye mashine huku akimsikiliza. Baada ya dakika 5 sauti ilitoka wakati wa kuvuta hewa ndani, si wakati wa kuitoa. Mtoto alishika koo, si kifua. Na ilipita ndani ya dakika chache bila salbutamoli. Kamera nyembamba iliyopitishwa puani akiwa anakimbia ilionyesha nyuzi za sauti zikisogeleana wakati zilipopaswa kuachana. Zoloto, sehemu ya koo yenye nyuzi hizo, ndilo lililokuwa likijibana. Sehemu ya zile inhela 14, pengine sehemu kubwa, ilikuwa imepulizwa kwenye tatizo ambalo salbutamoli haina uwezo nalo. Tiba yake ilikuwa mazoezi ya kupumua, wiki 6, kujifunza kulegeza koo na mabega na kuvuta hewa kwa tumbo. Alama zilifika 23.

Je, sindano ingemsaidia?

Swali la barua linastahili jibu. Ndiyo, huenda ingemsaidia. Katika jaribio la dupilumabu, moja ya dawa hizo za kibayolojia, kwa watoto wa miaka 6 hadi 11 lililochapishwa mwaka 2021, mashambulio makali yalipungua kwa karibu asilimia 59 yakilinganishwa na dawa bandia. Mepolizumabu, iliyojaribiwa kwa watoto wa maeneo ya mijini Marekani na matokeo kutoka mwaka 2022, iliyapunguza kwa asilimia 27. Omalizumabu imetumika kwa watoto wenye pumu ya mzio kwa miaka mingi. Kwa eosinofili 600 na nitriki 62, mtoto huyu angefaulu masharti kwenye karatasi, na nadhani mashambulio yangepungua.

Hilo ndilo linalonitisha. Yangepungua, nasi tungeandika kwamba tumefaulu, na angeendelea kuiacha inhela wiki moja kati ya mbili kwa hofu ambayo hakuna aliyeijua, akibanwa na koo lililoitwa pumu, akilala chini ya kuvu. Dawa hizi ni neema kubwa kwa watoto ambao mapafu yao yanavuta steroidi sawasawa na bado yanawaka. Tunao watoto kama hao, na kwao hatusiti hata wiki moja. Huyu hakuwa mmoja wao.

Tulikosea pia, na yapo ambayo yangemgharimu. Ilituchukua karibu miezi 3 tangu barua ifike hadi nilipobisha mlango wa baba, kwa sababu fomu yetu ya kwanza iliuliza anwani ya mtoto, kana kwamba ni lazima iwe moja. Kliniki ya kwanza tulizungumza na mama kwa dakika 40 na mtoto kwa dakika 5. Baba hakualikwa hadi tulipomhitaji kumhoji, na mtu aliyealikwa kuhojiwa hafunguki kama aliyealikwa kushiriki. Fomu sasa inauliza mtoto analala wapi, siku zote 7, na ni nani anayemsimamia kila mahali. Sehemu ya kwanza ya mazungumzo ni ya mtoto, mzazi akiwa nje kama mtoto anataka hivyo.

Mwaka mmoja baada ya barua, alikuwa amepewa prednisoloni mara 1, kwa shambulio lililoletwa na mafua, na hakulazwa. Salbutamoli alitumia inhela 2. Mwalimu bado anasimamia dozi ya asubuhi. Kikao kijacho kitajadili kama aanze kujisimamia jioni moja kwa wiki, kwa kuwa ameomba mwenyewe, na mama hataki.

Nilipomtembelea kwa baba mara ya mwisho, mwimo ulikuwa na mistari miwili tu mipya, miezi 6 kati yake. Wa pili aliuchora baba.